Lambo letu limeandikwa "hatari kubwa": je, tuta linakaribia kupasuka?

*Swali: Shikamoo mhandisi. Familia yetu ina lambo la tuta la udongo huku Nyanda za Juu Kusini, lilijengwa na mlowezi wa chai miaka ya 1950. Tuta lina kimo cha mita 7 na urefu wa mita 110 hivi, na ziwa likijaa ni kama ekari kumi. Hatumwagilii kitu. Wageni huja kupanda mitumbwi, kuvua samaki na kupiga picha za harusi. Juu ya tuta kuna mikaratusi tuliyoiacha kwa ajili ya kivuli. Utoro, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada, una upana wa mita 3, sakafu yake iko mita moja chini ya kilele cha tuta, na tumeuwekea wavu samaki wasitoroke. Bomba la chini la kutolea maji halijafunguliwa tangu enzi za marehemu babu. Milima inayoleta maji ni kama kilomita za mraba 6. Mwezi uliopita alikuja mhandisi akatuandikia "daraja la hatari: kubwa". Mjomba amekasirika. Anasema tuta halina hata ufa, lilivumilia mvua za El Niño za 1998, na anataka tuongeze udongo juu yake tumalize mjadala. Mimi naogopa, maana kilomita moja na nusu bondeni kuna nyumba ambazo hazikuwepo nilipokuwa mtoto, na sasa kuna shule. Tena kiangazi, chini ya tuta kuna mahali nyasi hubaki mbichi. Je, lambo linakaribia kupasuka? Tumwage maji yote? Kuna harusi imeshalipiwa mwezi wa nne.*

Marahaba. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Maneno "hatari kubwa" hayasemi kwamba tuta lenu linakaribia kupasuka. Hayasemi chochote kuhusu uzima wa tuta. Mhandisi yule angeweza kukuta tuta zuri kuliko yote mkoani na bado akaandika hivyohivyo, kwa sababu daraja la hatari hujibu swali moja tu: tuta hili likipasuka, kwa sababu yoyote ile, maji yatamkuta nani? Lori la petroli hubandikwa alama ya hatari hata siku linapotoka kiwandani. Alama inahusu mzigo, haihusu breki.

Kwa hiyo mjomba wako na mhandisi hawabishani kuhusu jambo moja. Mjomba anazungumzia hali ya tuta, mhandisi ameandika kuhusu bonde. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na bado familia ikawa na kazi ya kufanya.

Majina ya madaraja hutofautiana nchi na nchi, ila mgawanyo unafanana sana: hatari ndogo, ya kati na kubwa. Chukua Marekani, wenye mabwawa zaidi ya 90,000 kwenye daftari lao la taifa, mengi yakiwa ya starehe kama la kwenu. Kwao hatari ndogo ni pale ambapo tuta likivunjika hakuna anayetarajiwa kufa na hasara inabaki zaidi kwa mwenye bwawa. Ya kati ni pale ambapo hakuna anayetarajiwa kufa, lakini barabara, umeme, mashamba ya watu au mazingira yanaharibika. Kubwa ni pale ambapo kuna uwezekano wa kweli wa kufa mtu mmoja au zaidi. Mmoja anatosha, hakuna anayengoja wafike kumi. Ukishaweka shule kilomita moja na nusu chini ya ziwa la ekari kumi, mjadala wa daraja umekwisha.

Hapa nyumbani Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inashughulikia usalama wa mabwawa, na Kanuni za Usalama wa Mabwawa za 2013 zikafuata. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa, kila moja na bodi yake ya maji. Kama mto wenu unaishia Ruaha Mkuu au Kilombero, basi mko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ambayo makao yake yako Iringa. Lambo kuwa la familia na kuwa la mitumbwi tu hakuliondoi kwenye sheria. Maji hayaulizi yalikuwa yanatumika kwa nini.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana bila namba mtabishana mpaka masika. Ekari kumi ni karibu hekta 4, yaani mita za mraba 40,000. Kina kikubwa, maji yakiwa usawa wa utoro, ni mita 6. Kwa lambo la bondeni tunakadiria ujazo kwa kuzidisha eneo kwa kina, kisha tunachukua sehemu nne katika kumi, kwa kuwa bonde halina umbo la ndoo. Inatoka mita za ujazo 96,000 hivi, yaani tani 96,000 za maji. Tuta la kimo hicho likikatika, makadirio ya haraka yanatoa mkondo wa mita za ujazo 150 hivi kwa sekunde pale mpasuko unapofikia ukubwa wake. Bondeni wimbi hilo likienda mita mbili na nusu kwa sekunde, litafika kwenye nyumba za kwanza baada ya dakika kumi. Wimbi hupungua nguvu kadiri linavyosafiri na kutanuka, ndiyo maana mhandisi anatakiwa kulichora kwenye ramani na si kulikisia. Lakini maji ya kufika gotini yakienda kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima, na mtoto wa darasa la pili hahitaji hata hayo. Yakija usiku, dakika kumi ni kama hazipo.

Kenya wanalijua hili. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru, bwawa la shamba lililokuwa juu ya makazi lilipasuka baada ya mvua nyingi na kuua watu zaidi ya 40.

Jambo ambalo familia nyingi haziliwazi ni kwamba daraja hupanda bila tuta kuguswa. Babu yenu alipokabidhiwa lambo, pengine bondeni palikuwa na nyasi na ng'ombe, na daraja lingekuwa dogo kwa haki kabisa. Lambo halikuhama. Watu ndio waliohamia, mmoja mmoja, kwa sababu bonde lina maji na udongo mzuri, na wengi wao hawajui kilichoko juu ya kona. Mtasema, "Sisi tulitangulia." Ni kweli, na kwenye kesi ya ardhi hoja hiyo ina uzito. Kwenye usalama haina, kwa sababu wajibu wa tuta hukaa kwa mwenye tuta. Ungekuwepo utaratibu wa kuzuia ujenzi kwenye njia ya maji tungekuwa pahali pengine, lakini nyumba zimeshajengwa na shule ina kengele.

Daraja linapopanda, viwango hupanda nalo. Lambo la hatari ndogo huruhusiwa kuwa na utoro wa kupitisha mafuriko ya wastani. La hatari kubwa hutakiwa kupitisha mafuriko adimu sana, kukaguliwa mara kwa mara na mtaalamu, na kuwa na mpango wa dharura ulioandikwa. Hapo ndipo maelezo yako yanaponitia wasiwasi, na wasiwasi wangu hauhusiani na neno "kubwa". Unahusu wavu, mikaratusi, bomba na zile nyasi mbichi.

Matuta ya udongo hufa kwa njia mbili hasa: maji kupita juu yake, na maji kupita ndani yake. Nyingine, kama kuporomoka kwa mteremko, zipo lakini ni chache. Mjomba anatafuta nyufa. Tuta linaweza kumwagikiwa na kukatika usiku mmoja bila kuwahi kuonyesha ufa.

Tuanze na juu. Chukua mvua ya milimita 80 ndani ya saa sita, jambo ambalo huko kwenu si la ajabu kubwa. Ikishuka kwenye dakio, yaani ile milima inayowaletea maji, la kilomita za mraba 6, na sehemu nne katika kumi zikitiririka badala ya kuzama ardhini, mnapokea mita za ujazo 192,000. Hiyo ni mara mbili ya lambo zima, na lambo lilishajaa. Wastani wake ni karibu mita za ujazo 9 kwa sekunde, na kilele cha mafuriko huwa kama mara mbili ya wastani. Utoro wenu wa mita 3, maji yakifika hadi kilele cha tuta, hupitisha mita za ujazo 5 tu kwa sekunde. Huo ni uwezo wake wa mwisho, pumzi ya mwisho kabisa. Hapo hapana wavu. Wavu ukizibwa nusu na majani ya mikaratusi na magugu, na usiku wa mvua lazima uzibwe, mnabaki na mbili na nusu. Ile mita moja iliyo kati ya sakafu ya utoro na kilele cha tuta inaweza kuhifadhi mita za ujazo 40,000 na kidogo. Itajaa ndani ya saa mbili hivi. Baada ya hapo maji yanapita juu ya udongo.

Yakipita juu hayapiti sawasawa. Yanatafuta mahali palipobonyea, kwa kawaida pale ng'ombe au gari linapovukia, kisha yanaanza kuchimba mguu wa tuta upande wa nje na kurudi nyuma kuelekea ziwani. Nyasi nzuri, fupi, zilizoshikana hulipa tuta muda. Chini ya mikaratusi hakuna nyasi za namna hiyo. Kuna majani makavu na udongo mtupu.

Na mvua za 1998? Tuta lililovumilia mvua moja limethibitisha kwamba mvua ile, kwenye dakio lile, haikuzidi uwezo wake wa wakati ule. Je, wavu ulikuwepo 1998? Milima ilikuwa na msitu au ilikuwa na mashamba ya viazi? Kilele cha tuta kilikuwa sawasawa, au kimeshabonyea tangu hapo? Mambo haya matatu yakibadilika, ushahidi wa 1998 umepitwa na wakati.

Kuhusu wavu ningependa ukae na mjomba umsimulie South Fork. Lilikuwa bwawa la udongo lenye kimo cha mita 22 hivi huko Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1879 lilinunuliwa na klabu ya matajiri wa Pittsburgh kwa ajili ya kuvua samaki na kupumzika. Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa miongoni mwa wanachama. Mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalikuwa yameshang'olewa na mmiliki aliyetangulia na hayakurudishwa. Kilele cha tuta kilishushwa ili magari ya farasi yapishane. Katikati palibonyea. Na kwenye utoro wakaweka wavu wa chuma, samaki wa gharama wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, wavu ukazibwa na takataka, maji yakapita juu ya tuta, na chini ya bonde, mji wa Johnstown ukapigwa ndani ya saa moja hivi. Walikufa watu zaidi ya 2,200.

Lambo lenu ni dogo mno ukililinganisha na lile, sikatai. Ila linganisha orodha: utoro wenye wavu, bomba lisilofunguka, kilele cha tuta ambacho hakuna aliyekipima, watu bondeni. Starehe ina tabia zake. Mwenye lambo la umwagiliaji hushusha maji kila kiangazi, na tuta hupata nafuu na kuonekana lote. Mwenye lambo la wageni hutaka lijae mwaka mzima kwa sababu ya picha, hutaka miti kwa sababu ya kivuli, na hutaka samaki wakae. Kila kimoja kinapendeza, na kila kimoja kinakula tuta.

Sasa ndani ya tuta. Tuta lolote la udongo hupitisha maji kidogo. Lisilopitisha kabisa sijaliona. Swali ni kama maji yanatoka peke yake au yanatoka na udongo. Yakianza kubeba chembe, hutengeneza kijishimo upande wa nje, kijishimo kinarefuka kurudi nyuma kuelekea ziwani, na siku kinapofika huwa mfereji. Mahali yanapopenda kupita ni kandokando ya bomba la zamani, kwenye mizizi iliyooza, na kwenye mashimo ya wanyama. Kenge, fuko na mchwa wote hupenda tuta.

Angalia basi lile bomba la babu. Valvu iko upande gani? Mengi ya zamani yaliwekwa valvu upande wa nje, maana ni rahisi kuifikia. Maana yake bomba zima ndani ya tuta limejaa maji yenye shinikizo mwaka mzima, kwa miaka sabini, na chuma kina umri wake. Likitoboka katikati, maji yanaosha tuta kutoka ndani na nje hamwoni kitu. Msijaribu kulifungua kwa nguvu kwa kutumia spana na vijana wawili. Valvu iliyoganda ikivunjika ikiwa wazi hamtaweza kuifunga.

Mikaratusi nayo: shida siyo tu mizizi hai. Mti ukiangushwa na upepo hung'oa kipande cha tuta, na mti ukifa mizizi yake huoza na kuacha njia. Kwa sababu hiyohiyo, msikimbilie kung'oa visiki vya miti mikubwa ziwa likiwa limejaa. Miche na vichaka vyembamba kateni leo. Miti minene ingojee mhandisi, kwani kuing'oa kunahitaji maji yashushwe kwanza na shimo lijazwe udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka.

Georgia, huko Marekani, kulikuwa na bwawa la Kelly Barnes, tuta la udongo la mita 12 hivi. Lilikuwa la umeme, baadaye umeme ukaachwa na likabaki kuwa ziwa la kupendezesha na kustarehesha. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 lilivunjika baada ya mvua nyingi, chini yake kukiwa na chuo kidogo cha dini na familia zimelala. Walikufa 39. Wachunguzi walitaja maji yaliyokuwa yakivuja na kuporomoka kwa mteremko wa nje. Rais Carter aliagiza ukaguzi wa mabwawa ya watu binafsi yaliyokuwa juu ya makazi, na kazi hiyo ndiyo iliyoonyesha ni mangapi yalikuwa hayajawahi kukaguliwa na mtu.

Turudi kwenye nyasi zenu mbichi. Wiki hii nenda pale asubuhi, mvua ikiwa haijanyesha kwa siku mbili tatu. Vua viatu. Kama ni unyevu tu, udongo mgumu, weka vigingi kuzunguka eneo lote ili ujue kama linapanuka. Kama maji yanatiririka, chimba kamfereji kafupi yakusanyike, nje ya mguu wa tuta na si kwenye tuta lenyewe, kisha yapime: ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Andika sekunde, tarehe, usawa wa ziwa, na kama mvua ilinyesha. Chota maji kwenye chupa ya kioo, iache juu ya meza hadi jioni. Yakibaki safi, mna muda. Kukionekana tope chini ya chupa, au ukaona pale yanapotokea kumejengeka kilima kidogo cha mchanga laini chenye tundu katikati, kama kile kinachoachwa na sisimizi, muda hamna. Piga simu siku hiyohiyo. Jambo lingine la kutazama: ziwa likishuka, je, mtiririko unapungua? Ukipungua, maji ni ya ziwa. Usipopungua, huenda ni chemchemi ya mlimani, na hiyo ni habari njema kiasi.

Kilele cha tuta nacho mnaweza kukipima wenyewe. Chukueni ule mpira mwembamba wa mafundi wa kupimia usawa kwa maji, mwende nao kila mita kumi kutoka kwenye utoro. Mkikuta sehemu iko sentimita 30 chini ya nyingine, basi ile mita yenu moja ya akiba ni sentimita 70, na hesabu yote niliyofanya hapo juu inakuwa mbaya zaidi.

Mjomba na udongo wake. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Udongo uliomwagwa na tipa juu ya tuta na kukanyagwa na matairi hauongezi usalama. Unapumbaza. Haushikani na wa zamani, maji yakiufikia yanaubeba kama unga, na uzito wake unasukuma mteremko. Kuinua tuta kihalali ni kukwangua nyasi na udongo wa juu, kukata ngazi kwenye tuta la zamani, kuleta mfinyanzi unaofanana, kuushindilia kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 ukiwa na unyevu unaofaa, na kupanua msingi upande wa nje. Hiyo ni kazi ya mkandarasi na inahitaji idhini. Na hata ikifanyika vizuri, haigusi utoro mwembamba, wala bomba, wala daraja la hatari.

Njia zilizobaki ni hizi, na hakuna iliyo ya bure.

Ninayoipenda mimi kwa lambo la aina yenu ni kushusha usawa wa ziwa kwa mita moja, iwe ya kudumu, na kupanua utoro. Ukichimba utoro chini mita moja na kuupanua hadi mita 12, kwenye ardhi ya asili kando ya tuta na siyo juu ya tuta lenyewe, utaweza kupitisha karibu mita za ujazo 27 kwa sekunde na bado ukabakiwa na sentimita 80 juu ya maji. Mtapoteza nini? Mita ile ya juu ndiyo pana kuliko zote. Ukiiondoa, karibu asilimia 40 ya ujazo imekwenda. Ziwa litapungua kwa macho, gati la mitumbwi litabaki nchi kavu, itabidi mlihamishe. Lakini maji ya kuua bondeni nayo yamepungua kwa kiasi hichohicho, na shinikizo ndani ya tuta limeshuka. Kuwa mwangalifu na neno moja tu: daraja linaweza kubaki "kubwa" hata baada ya hapo, kwa sababu shule ipo palepale. Usimwambie mjomba kwamba karatasi itabadilika. Kitakachobadilika ni uwezekano wa tuta kuvunjika.

Njia ya pili ni kuacha kina kama kilivyo na kujenga utoro mkubwa wa zege, kuondoa bomba na kuweka jipya lenye valvu upande wa maji, na kuweka tabaka la mchanga na kokoto la kuchujia kwenye mguu wa tuta. Inawezekana, na kwa lambo linaloingiza fedha nyingi inaweza kulipa. Wenye mapato ya mitumbwi na harusi mbili kwa mwezi nadra wafike huko. Ya tatu ni kulifuta: kukata tuta kwa utaratibu na kurudisha mto. Familia huichukia, lakini wakati mwingine ndiyo nafuu, hasa bomba likikutwa limeoza. Kengele na namba za simu za majirani ni lazima kwa njia yoyote mtakayochagua, ila hazihesabiki kama njia. Haziongezi hata upana wa kiganja kwenye utoro.

Kumwaga maji yote sasa hivi? Hapana, isipokuwa dalili za dharura zimeonekana. Maji yakishuka haraka, upande wa ndani wa tuta hubaki umelowa na mzito huku maji yaliyokuwa yakiuegemea yameondoka, nao huporomoka. Kwa kawaida tunashusha sentimita 15 hadi 30 kwa siku, kwa pampu au mabomba ya kuvuta maji juu ya tuta, baada ya kuwaarifu walio bondeni.

Yale ya leo kabla ya kumwita mtu: ondoeni wavu. Samaki watakaotoroka, watoroke. Kama mnawataka sana, mhandisi anaweza kubuni kizuizi ziwani, mbali na mdomo wa utoro. Safisheni utoro mpaka unapoingia mtoni. Zuieni magari na ng'ombe juu ya tuta. Na kwa kuwa tunazungumzia wageni, hakikisheni kila anayepanda mtumbwi amevaa jaketi la kuokolea na kamba imezuia mitumbwi kusogelea utoro.

Kisha andikeni barua kwa bodi ya bonde, mkiambatanisha ripoti ya mhandisi, na mwombe ukaguzi kamili na idhini ya kushusha maji. Msiogope kwamba mnajishtaki; lambo lililoripotiwa lina pa kuanzia. Tafuteni mhandisi aliyesajiliwa, mwenye kazi za matuta ya udongo anazoweza kukuonyesha na anayetambuliwa kwa ukaguzi wa mabwawa. Fundi mzuri wa maghorofa si lazima awe mzuri hapa. Mwombeni mambo matatu kwa maandishi: hesabu ya mafuriko na uwezo wa utoro, hali ya bomba na maji yanayovuja, na ramani ya mahali maji yatakapofika.

Kuna wakati wa kutongoja barua. Maji yanayovuja yakibadilika kuwa ya tope. Maji ya ziwa yakizunguka mahali pamoja kana kwamba yanaingia tunduni. Ufa ukitokea kufuata urefu wa tuta. Kipande cha mteremko kikishuka. Au maji yakibakiza kama sentimita 30 kufika juu. Hapo kwanza toeni watu bondeni, kabla ya kugusa sepetu. Mwenyekiti wa kijiji na mwalimu mkuu wapigiwe kwanza, kisha Zimamoto na Uokoaji 114 na polisi 112. Tope likitoka upande wa nje, msizibe kwa mfinyanzi wala magunia ya saruji, maana maji yatatafuta mlango mwingine. Mwageni mchanga mkubwa, juu yake kokoto, juu yake mawe, maji yatoke lakini udongo ubaki. Na yeyote asisimame pale ikiwa mteremko unatikisika.

Kuhusu harusi: Aprili bado ni msimu wa mvua kwenu, na wageni mia mbili juu ya tuta si jambo ninaloweza kuliidhinisha kwa maandishi kutoka huku niliko. Wavu ukiondolewa na ziwa likishushwa mita moja kabla ya Machi, na ukaguzi usipokuta tope, maharusi wanaweza kupigia picha ng'ambo, kwenye ule upande wa mlima ambao uko juu ya maji. Turubai la chakula, hata iweje, lisijengwe chini ya tuta. Wasipokubali, rudisheni fedha zao.